Boda inalipa, ila inamlipa nani?

Najua nimepotea wiki tatu. Testi zilibana ile mbaya, halafu baridi ya Iyunga msimu huu inakufanya hata kutoa mkono kwenye blanketi uwe uamuzi mgumu. Tusameheane, tuendelee na libeneke.

Leo mada ni boda. Hosteli kwetu ubishi wa boda umeshapita ubishi wa Simba na Yanga, na si mchezo huo. Kuna kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema boda inalipa kuliko kazi nyingi za wenye digrii, kwa hiyo mtu akikosa ajira achukue pikipiki mara moja, aache kuzunguka na bahasha ya kaki. Kambi ya pili inasema msomi kuendesha boda ni kujidhalilisha na kuwavunja moyo wazazi waliouza ng'ombe ili asome. Juzi nusura watu wakunjane mashati pale kantini, hadi mama wa chapati akaingilia kati.

Mimi naona kambi zote zinauliza swali ambalo halitusaidii. Moja inauliza shilingi ngapi, nyingine inauliza watu watanionaje. Maswali yangu mimi ni matatu: hicho chombo ni cha nani, makubaliano yameandikwa wapi, na wewe unashuka lini? Ukiwa na majibu ya hayo matatu, boda ni kazi nzuri tu. Ukiwa huna, utapiga kazi mwaka mzima na faida aione mwingine. Ngoja nijieleze.

Kwanza tuelewane tunaongelea biashara gani. Dar watu wanaita usafiri kwa programu za kwenye simu. Uber iliingia pale mwaka 2016, na Bolt nayo ikaja, enzi hizo ikiitwa Taxify. Huku kwetu wengi programu yetu ni orodha ya majina kwenye simu. Fungua simu yako sasa hivi uone: Boda Getini, Boda Mrefu, Boda Mwanjelwa, Boda Usiku. Unapiga, anakuja, anakupeleka, unamrushia hela yake kwa simu. Kazi ni ileile, tofauti ni kwamba katikati hakuna kampuni ya kutoka Ulaya au Marekani. Katikati kuna mtu mwingine, na huyo ndiye nitakayemzungumzia.

Jina lenyewe, kama hukujua, limetoka mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia kule, ambako miaka ya 1960 watu walikuwa wanavushwa kwa baiskeli toka boda moja hadi nyingine. Mbeya baiskeli ya abiria ingekuwa adhabu, hebu fikiria umepakiwa toka Mafiati unapanda kwenda Forest! Pikipiki za bei nafuu toka China na India ndizo zilizotuokoa. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni za kubeba abiria kwa pikipiki na bajaji chini ya SUMATRA, na tangu 2019 mambo hayo yako LATRA. Siku hizi wanasiasa wanawaita "maafisa usafirishaji". Cheo kikubwa, mshahara hakuna. Teh teh!

Sasa mazuri yake, maana yapo na tusiyafiche.

Moja, hela ni ya leo. Mwalimu anasubiri mwisho wa mwezi, mkulima wa viazi anasubiri mavuno halafu anasubiri na bei. Boda akitoka saa kumi na mbili asubuhi, saa tatu ana hela ya chai, na ya gesi ya nyumbani ameshaituma.

Mbili, hakuna wa kukuuliza ukoo wako. Huhitaji wasifu, barua ya mtendaji wala mjomba wizarani. Unahitaji leseni daraja A, chombo, na kijiwe kikukubali. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne akapata divisheni foo, orodha ya milango iliyo wazi kiasi hicho ni fupi sana.

Tatu, uhuru. Hakuna kengele. Una msiba unaenda, una mgonjwa unampeleka. Na mwanachuo mwenye vipindi kuanzia saa mbili hadi saa kumi anaweza kupiga mishe asubuhi na jioni, saa ambazo abiria ndio wengi.

Nne, kazi yenyewe ina maana. Tunawasema vibaya lakini tunaishi kwa mgongo wao. Mama anayetoka Kihesa na ndoo ya nyanya kwenda sokoni, mjamzito wa kijijini ambako gari hupita mara moja kwa siku, sisi tunaotoka Kabwe saa nne usiku baada ya diskasheni. Nani anatubeba? Ni huyohuyo, koti amelivaa kinyumenyume kuziba upepo, vidole vimekufa ganzi.

Haya, tuje kwenye hesabu. Nimekaa kijiweni na jamaa kwa siku kadhaa, tena nilikwenda na daftari kabisa. Hii ninayoweka ni siku ya kawaida kama walivyonieleza wenyewe, msije mkaipeleka kwenye disetesheni kama takwimu. Amefanya kazi ya elfu thelathini. Mafuta elfu nane. Chakula elfu tatu. Mchango wa kijiwe na vidogovidogo elfu moja. Amebaki na elfu kumi na nane. Sio mbaya, eti? Kwa siku ishirini na sita za kazi ni 468,000. Toa sevisi, yaani oili, breki, cheni, mpira, weka 50,000. Inabaki 418,000 kwa mwezi. Kambi ya kwanza hapo inashangilia.

Tulieni kwanza. Wengi wa wale vijana chombo si chao. Kuna "hesabu". Kila jioni, wengi wao, elfu kumi inakwenda kwa bosi mwenye pikipiki. Ile kumi na nane inageuka nane. Kwa mwezi ni 208,000, ukitoa ile sevisi ambayo mara nyingi ni juu ya dereva, amebaki na 158,000. Barabara ni ileile, baridi ileile, miguu ni yake, lakini kipato kimeshuka hadi chini ya nusu. Kwa hiyo mtu akikwambia "boda inalipa", muulize boda ya nani.

Hapo kijiweni kuna madaraja matatu. Juu kabisa ni mwenye chombo chake. Katikati ni wa mkataba, anayelipa hesabu kwa muda fulani halafu pikipiki inakuwa yake. Chini ni deiwaka, anayeshika chombo cha mwenzake kwa masaa mwenyewe akiwa amelala. Wanachuo tunaoingia kwenye kazi hii wengi tunaingia kwa mlango wa deiwaka, yaani mlango wa chini kabisa, usio na karatasi yoyote.

Huo mkataba ndio unaotakiwa kujadiliwa. Tuchukue mfano. Pikipiki mpya ya milioni tatu. Unalipa elfu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi kumi na tano. Hizo ni wiki sitini na tano, mara elfu sitini, milioni tatu na laki tisa. Bosi amepata laki tisa juu ya hela yake. Mimi simlaumu, ameweka mtaji wake kwenye chombo kinachoweza kuibiwa kesho, na bila yeye kijana asingeanza. Pia kijana akimaliza anabaki na pikipiki. Hata kama imechoka, ni mali yake.

Tatizo ni kwamba mikataba mingi ni ya mdomo. Kijana anaugua malaria wiki nzima, hesabu haiugui. Chombo kinakaa gereji siku nne, hesabu inatembea. Traffic anakamata, hesabu inatembea. Unakuta mtu amelipa miezi kumi na mitatu, amechelewesha wiki mbili, bosi anakuja na ufunguo wa akiba anaondoka na pikipiki. Ukienda kushtaki unaulizwa karatasi iko wapi. Iko kichwani! Hadithi hiyo nimeisikia vijiwe vitatu tofauti, Mwanjelwa, Uyole na Ipogolo kule Iringa. Majina naweka kapuni, ila wimbo ni mmoja.

Wasomi wa sheria na biashara mtakumbuka ugomvi wa 2022. LATRA ilisema kampuni za teksi za mtandaoni zisichukue zaidi ya asilimia 15 ya nauli ya dereva. Uber ikasimamisha huduma Aprili mwaka huo, ikarudi mwanzoni mwa 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Nchi nzima ilijadili: 15 au 25? Magazeti, redio, bungeni. Sasa rudi kwenye mfano wetu. Elfu kumi kwenye elfu thelathini ni asilimia 33. Theluthi nzima! Na siku mvua ikinyesha ukapata elfu kumi na tano, ile kumi haipungui, inakuwa theluthi mbili. Kampuni ya mtandao ikikosa abiria inakosa na yenyewe. Bosi wa hesabu hakosi. Hilo sijawahi kulisikia likijadiliwa popote isipokuwa kijiweni.

Uingereza nako walibishana. Februari 2021 Mahakama Kuu ya mwisho kule iliamua kwamba madereva wa Uber ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyokuwa ikipanga nauli na masharti. Boda wetu nauli anapatana mwenyewe na abiria, kwa hiyo kwa hilo yuko huru kuliko dereva wa London. Lakini mapumziko ya kulipwa hana, likizo hana, na siku akivunjika mguu ndipo anagundua "bosi" lilikuwa jina tu.

Na kuvunjika kupo, tusidanganyane. Ninyi mnaopita barabara kuu ya Tunduma mnayajua yale malori. Barabara moja inabeba mizigo ya Zambia na Kongo, daladala, bajaji, boda na watoto wa shule. Juni 2024 pale mlima wa Simike lori lilishindwa breki, likagonga magari mengine, watu zaidi ya kumi wakafa. Iringa nako yale malori yanapita Ipogolo, na boda anayepandisha mjini lazima ajipenyeze katikati yake. Ongeza ukungu wa asubuhi, ongeza usingizi wa kijana aliyelala saa nne ili awahi hesabu.

Jambo ambalo wengi hawalijui: ile bima ndogo tunayoilipia pikipiki inamlinda uliyemgonga. Wewe dereva uliyevunjika haikuhusu. Nimewauliza madereva kumi na mmoja, wawili tu ndio waliokuwa wanajua hivyo. Wengine walidhani ile karatasi ikiwa mfukoni, hospitali watatibiwa bure.

Yapo na mengine. Mafuta: kila mwezi EWURA inatangaza bei mpya, na bei ya Mbeya inakuwa juu ya ile ya Dar kwa sababu ya umbali. Mwaka 2022 petroli ilipita shilingi 3,000 kwa lita, lakini abiria wa Sae bado alitaka kulipa buku lake la zamani. Faini: afadhali hapo, mwaka 2021 serikali iliishusha toka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa kwa pikipiki na bajaji. Ila hata hiyo elfu kumi ni zaidi ya alichobaki nacho kijana wa hesabu siku nzima. Na usiku kuna abiria wasiokuwa abiria, anakupeleka porini, pikipiki inaondoka na wewe labda unabaki hai.

Sasa kwa nini mada hii imenikaa kooni? Kwa sababu imeingia nyumbani.

Wengi mnajua kwetu ni Kilolo, Iringa. Mdogo wangu ana miaka kumi na tisa, alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakukaa vizuri. Amekaa nyumbani mwaka na kitu, amelima viazi na mzee, amechoka. Mwezi uliopita akamwambia baba: tukate miti, ninunue boda, niende mjini. Miti yenyewe ni paina, mzee aliipanda kama ekari moja na nusu, ina miaka tisa. Baba akanipigia simu. "Wewe ndiye msomi wetu. Sema, tukate au tusikate?"

Wadau, swali la mtihani halijawahi kunipa jasho namna hiyo.

Watu wa Iringa, Mufindi na Njombe mnaelewa. Paina wa miaka tisa ni mtoto. Sao Hill kule Mufindi mti unaachwa ufike miaka kumi na nane na kuendelea ndipo uvunwe. Huo wa kwetu ukikatwa leo mbao zake ni nyembamba na laini, mnunuzi anakuja na bei ya kutupa kwa sababu anajua una shida. Yaani tunauza kitu ambacho nusu ya thamani yake bado haijaota, tunanunua kitu ambacho thamani yake inaanza kushuka siku kinapotoka dukani. Mti ukiuacha usiku unakua. Pikipiki ukiiacha usiku inaibiwa.

Nikamwambia baba asikate. Nikampigia na mdogo wangu nimweleze hayo ya paina, ya hesabu, ya mikataba. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema maneno ambayo nimelala nayo hadi leo: "Kaka, wewe unakula bumu. Mimi nile nini?"

Ananiuliza swali halali kabisa. Bumu letu la kujikimu lilipandishwa toka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Elfu kumi, wadau! Mimi napewa elfu kumi kwa siku ili nikae nisome. Yeye akishika boda ya mkataba ataamka kila siku akiwa anadaiwa elfu kumi. Tumezaliwa nyumba moja.

Na mtu asije kusema bumu ni zawadi. Ni mkopo. Kwa maana hiyo na mimi niko kwenye mkataba, tena mrefu kuliko wa boda yeyote. Tofauti ni kwamba wa kwangu umeandikwa kwenye sheria ya nchi. Nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara, mshahara ukiwa mdogo na makato yanakuwa madogo. Mdogo wangu analipa kiasi kilekile awe amepata au amekosa. Kwa hiyo mkopo wa msomi unamsubiri apate, mkopo wa boda unamdai kabla hajapata. Tukibishana kuhusu aibu ya boda, tunaacha kuona hilo.

Hivyo sikuweza kumwambia "acha boda" halafu nikate simu. Ningekuwa nasema kwa tumbo lililoshiba. Nilichofanya ni kurudi kwa baba na pendekezo. Miti ibaki. Mdogo wangu aende mjini, aanze kwa mkataba, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo maoni yangu kwa yeyote kati yenu anayefikiria kazi hii, awe deiwaka wa wikiendi au mhitimu aliyechoka bahasha.

Kwanza, mkataba wa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: bei ya chombo, hesabu kwa siku, siku ya mapumziko, tarehe ya mwisho, na kadi inahamishwa lini. Mashahidi wawili, muhuri wa ofisi ya mtaa au kijiji. Bosi akikataa kuandika, ameshakujibu.

Pili, siku za ugonjwa na gereji ziandikwe. Angalau zisogeze tarehe ya mwisho badala ya kugeuka deni la siku hiyohiyo. Na iandikwe kwamba ukishalipa zaidi ya nusu, chombo hakichukuliwi bila kukaa kikao na mashahidi.

Tatu, kila malipo yawe na alama. Tuma kwa simu, utunze meseji, au mwe na daftari mnalosaini wote wawili. Hela ya mkononi haina kumbukumbu.

Nne, leseni na helmeti mbili kabla ya abiria wa kwanza. Na kwa kuwa ile bima ndogo haikuhusu wewe, weka kiasi kila wiki kwa ajili ya mwili wako. NSSF wanapokea waliojiajiri, na vikundi vya kijiwe vinavyochangiana vipo, ingia kimoja chenye daftari linaloonekana.

Tano, na hili ndilo gumu, weka tarehe ya kushuka. Mdogo wangu nimempa miaka miwili. Mkataba ukiisha na pikipiki ikawa yake, ile elfu kumi ya kila siku aendelee "kuilipa", ila safari hii aiweke akiba yake mwenyewe. Kwa miezi sita ya siku ishirini na sita ni 1,560,000. Hiyo inampeleka VETA, pale Iringa ipo, Mbeya ipo, akajifunze umeme au ufundi magari. Pikipiki anaweza kuikodisha kwa mwenzake. Kwa mkataba ulioandikwa, tafadhali!

Mtasema na ile mikopo ya halmashauri, asilimia kumi ya mapato ya ndani, ambayo vijana wana nne humo? Ni kweli, haina riba, na ni njia nzuri ya kukwepa hesabu kabisa. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Ila ni ya vikundi, na kikundi kinataka katiba, akaunti na watu wanaoaminiana. Hapo ndipo sisi wa chuo tungefaa kitu. Tuna watu wa sheria, wa uhasibu, wa biashara, na nje ya geti kuna kijiwe cha watu thelathini wasio na mkataba hata mmoja wa maandishi. Kuwaandikia ukurasa mmoja kunahitaji digrii ngapi?

Kwa wale wa kambi ya aibu nina moja tu. Jamaa mmoja wa darasani kwetu anaendesha boda jioni, jina kapuni. Ada analipa mwenyewe na mdogo wake yuko sekondari kwa hela hiyohiyo. Sijaona aibu hapo. Ninachokiogopa kwake ni kwamba semista iliyopita alikula sapu mbili, kwa sababu saa za abiria ndizo saa za kusoma. Akidisko atakuwa ameuza digrii kwa bei ya paina wa miaka tisa. Nimemwambia hivyo uso kwa uso, amenielewa, amepunguza siku hadi nne kwa wiki. Si kila mtu ana nafasi ya kupunguza, najua.

Nyumbani, baba amekubali miti ibaki. Mdogo wangu amekasirika, simu zangu anapokea mama. Anasema nimemnyima pikipiki yake mwenyewe nikamtupa kwenye hesabu ya mtu. Na ana pointi: akikata miti leo anaanza daraja la juu, kwa njia yangu anaanza la katikati na anapoteza miezi kumi na tano ya jasho. Nimepiga hesabu mara nne, na bado naona miti ina thamani kuliko hiyo miezi kumi na tano. Lakini miezi hiyo itaendeshwa na mgongo wake, siyo wangu, na ndiyo maana nawauliza na ninyi.

Ingekuwa kwenu, mngekata? Hasa mliotoka familia za miti na mliowahi kushika usukani wa boda, nataka kusikia hesabu zenu halisi: hesabu shilingi ngapi, mkataba miezi mingapi, ulimaliza au ulinyang'anywa? Anayejua bosi wa Iringa mjini anayekubali kuandika karatasi aniambie mapema, maana mdogo wangu anaondoka Kilolo mwisho wa mwezi huu, apende asipende ushauri wangu.

Nawasilisha. Ngoja niwahi lekcha ya saa mbili, na boda wangu ameshanipigia honi getini.